Walter White Alipika Ju ya Familia? Wacha Tuivunje

Kama umewahi kuangalia Breaking Bad na mabeshte, unajua vile hiyo stori huisha. Mmoja anasema Walter White alipigania familia, mwingine anasema ni nyoka, wa tatu anamtusi Skyler, na tokeni za stima zinaisha kabla hamjakubaliana. Na kama hujaimaliza, shukia stage hii hii, ju naenda kumwaga kila kitu.

Kitu hufanya watu wakosane ni kuchanganya maswali mawili. "Mbona alifanya?" si sawa na "Alifanya poa?" Ukisema unaelewa mbona Walter alipika meth, msee anakurukia ni kama wewe ndio ulimshikia sufuria.

Sababu yake mwenyewe tunaijua. Ni mwalimu wa kemia huko Albuquerque, amepatikana na kansa ya mapafu, anataka kuachia bibi na watoto doh kabla adedi. Msimu wa 2 ukianza anapiga hesabu kabisa: dola 737,000, akizipata anatoka.

Sawa. Sasa angalia kile anakataa, ju mdomo wa mtu ni wa kujitetea. Msimu wa 1, beshte yake wa zamani Elliott anampa kazi kwa kampuni yenye Walter alisaidia kuanzisha, na bima ya matibabu juu. Anakataa. Msimu wa 5 anapata nafasi ya kutoka na dola milioni 5. Anakataa tena. Baadaye Skyler anampeleka stoo kumwonyesha rundo la noti lenye ameshindwa kulihesabu. Manze, hiyo si shida ya doh. Hiyo ni shida ya mtu hawezi kumeza msaada wa mtu amempita maisha.

Halafu kuna Jane. Msimu wa 2, Walter anaingia kwa keja ya Jesse usiku, anawapata yeye na dem wake wamelala, wamezimwa na heroini. Akimtingisha Jesse aamke, Jane anageuka, analala chali, anaanza kutapika na kukabwa. Walter anakimbia kumsaidia, halafu anasimama. Anamwangalia mpaka aishe, na machozi yanamtoka.

Wengi husema hapo alikuwa anaokoa Jesse kutoka kwa unga. Inaweza kuwa kweli kidogo. Lakini kumbuka Jane alikuwa amemtishia kumchoma ndio Jesse apewe mgao wake. Alikuwa na sababu mbili kwa mkono mmoja, na moja ilikuwa yake binafsi. Ndio maana mimi hutetea Fly ya msimu wa 3, ile episodi watu hulia ati ni ya kufukuza nzi tu. Hapo Walter, dawa ya usingizi imemlemea, karibu amwambie Jesse kuhusu Jane. Hatia imekuwa ikimtafuna kumbe. Halafu kwa Ozymandias, 2013, anamwambia kweli, lakini kama kisu, kumuumiza tu kabla apelekwe. Mtu wa kukuokoa hakufanyii hivyo.

Ozymandias ndiyo pia iko na ile simu. Walter amemchukua mtoto, anapigia Skyler, na anajua makarao wako hapo wanaskiza. Anamtukana vibaya sana, ati mjinga, ati hakuwahi kushukuru. Ukiskiza tu, ni bwana mnyanyasaji. Ukiangalia uso, analia. Anajichafua makusudi ndio polisi waone Skyler kama mtu alilazimishwa, na Skyler anang'amua katikati ya simu. Lakini mbona yale matusi yanatoka smooth hivyo? Ju ziko ndani, tangu kitambo. Anamwokoa kwa hasira ya ukweli, na hiyo ndiyo inanifanya nisimalize hii debate.

Na kuna watu waliskiza ile simu wakashangilia, wakaona Skyler amepewa haki yake. Hapa ndio huwa sichezi. Mama wa watu amegundua bwanake ni muuzaji, anakataa mtego, na mashabiki wanamwona yeye ndiye adui. Wiki kama tatu kabla ya hiyo episodi, mwigizaji wake Anna Gunn aliandika kwa New York Times vile hiyo chuki ilitoka kwa Skyler ikamfuata yeye mwenyewe, mpaka akahofia usalama wake. Ju ya kuigiza bibi mwenye anauliza maswali! Alishinda Emmy mwezi uliofuata, lakini hiyo haifuti kitu.

Episodi ya mwisho Walter anarudi kwa Skyler. Anaanza kueleza, Skyler anafikiri ataimba tena wimbo wa familia, na jamaa anakubali tu kwamba alijifanyia mwenyewe. Alipenda. Alikuwa moto kwa hiyo kazi.

Nilisimamisha video hapo. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, na nikaambia mathe ni ndio fee ya sista yangu mdogo itoshe. Fee ilikuwa shida, hiyo si uongo. Lakini pia nilikuwa nimeacha kuingia klasi miezi mitatu kabla, na nilipumua siku niliyobeba godoro. Sista alimaliza. Mathe bado huniombea mbele ya wageni, anawaambia vile nilijitoa. Mimi huangalia chai.