Mtandao wa Nje Hauli MB Zako

"Navuka Kasumulu wiki ijayo, nakaa Malawi siku saba, ninunue GB ngapi?" Swali hili huja kwa maneno hayohayo kutoka kwa mfanyabiashara wa Tukuyu anayekwenda Mzuzu, kijana wa Igogwe anayepitia Tunduma kwenda Lusaka, na mama anayesindikiza mgonjwa India. Wote hutaja nchi na idadi ya siku. Hakuna anayetaja atakachofanya na simu yake, na hapo ndipo jibu lilipo. Ukifika kituo cha mafuta ukauliza lita ngapi zinatosha wiki moja, utaulizwa kwanza kama una pikipiki au Fuso. Lakini muulizaji wa bando mara nyingi hasubiri kuulizwa chochote, kwa sababu ameshapewa jibu na watu wa stendi: kadiria unachotumia nyumbani, kisha zidisha mara mbili, maana mtandao wa nje unakula MB. Imani hii imewagharimu watu fedha nyingi kwa miaka mingi, na haina ukweli.

MB ni kipimo cha wingi, kama debe. Picha yenye KB 200 iliyotumwa kutoka Katumba ina KB 200 ikipokelewa Karonga, na itabaki na KB 200 ikifika Chennai. Hakuna mnara unaoweza kuinenepesha njiani. Anayetumia laini ya Tanzania akiwa Malawi, yaani kwa romingi, kwa kawaida data zake haziingii hata kwenye intaneti ya Malawi: mnara wa kule huzipokea, zikasafirishwa kwa njia maalumu zinazounganisha kampuni za simu hadi kwenye mitambo ya kampuni yake nyumbani, na kutoka hapo ndipo zinapokwenda WhatsApp au YouTube. Kwa hiyo trafiki yote inapita mlangoni pa kampuni yako mwenyewe, na hapo inahesabiwa kama inavyohesabiwa ukiwa Tukuyu. Aliyenunua laini ya kule, ya TNM au ya Airtel Malawi, naye ana shahidi mfukoni. Simu inahesabu yenyewe kila MB inayoingia na kutoka, laini kwa laini na programu kwa programu, kwenye mipangilio ya matumizi ya data. Fungua ukurasa huo kabla ya kulalamika, ulinganishe na salio la bando. Anayefanya hivyo karibu kila mara hukuta MB zake zote zina jina la programu, na ni programu aliyoifungua mwenyewe.

Watu watasema: bando la GB 2 linanifikisha wiki nzima nyumbani, kule lilikata siku ya pili, na sikubadilisha chochote. Wanasema kweli kuhusu bando, wanakosea kuhusu kutobadilika. YouTube, TikTok na Facebook hazirushi video ya ukubwa mmoja kwa watu wote. Kwa kawaida video moja huhifadhiwa kwa viwango kadhaa vya ubora na kukatwa vipande vya sekunde chache, na kwa kila kipande simu hupima kasi ya mtandao kisha huchagua kiwango cha juu kabisa kitakachopita bila kukwama. Ukiwa bondeni, mlima umekukinga na mnara, simu itashuka hadi kiwango cha 240p, ambayo ni kama kilobiti 300 kwa sekunde. Gawa kwa 8 upate kilobaiti, zidisha kwa sekunde 3,600, utapata MB 135 kwa saa. Ukikaa katikati ya Lilongwe au Lusaka chini ya mnara wa 4G, video ileile inaweza kupanda hadi 1080p, kama megabiti 4.5 kwa sekunde, na kwa hesabu ileile hizo ni zaidi ya GB 2 kwa saa. Saa moja ya kutazama imekuwa kama saa kumi na tano, na kidole hakikugusa chochote. Mtandao mbovu wa nyumbani ndio uliokuwa unakubania matumizi. Na ndiyo maana kuzidisha mara mbili hakusaidii: asiyetazama video amelipia mzigo asiouhitaji, anayetazama anaweza kuzidiwa mara kumi na kitu.

Kuna mlango wa pili wa kupotezea MB ambao watu hawauoni. Kwenye simu za Android, WhatsApp ina kanuni tatu tofauti za kupakua picha na video zenyewe: ya data ya simu, ya waifai na ya romingi. Ukiwa kwenye romingi, mpangilio wa awali hauruhusu kitu chochote kujipakua. Lakini ukiweka laini ya nchi uliyofika, simu haijui tena kwamba uko safarini. Kwake hiyo ni data ya kawaida, na picha za makundi yote, la familia, la kikoba, la kwaya, zinaanza kumiminika. Kibaya zaidi ni hotspoti. Wasafiri wanne wananunua bando kwenye simu ya mmoja na kugawana wakiamini wamebana matumizi. Simu tatu zilizobaki zinaiona hotspoti ile kuwa waifai, na kwenye waifai simu nyingi huamini kwamba data ni ya bure: zinapakua video za makundi, zinasasisha programu, zinahifadhi nakala za picha zote zilizopigwa njiani. GB 5 zinaisha basi halijafika Mzuzu, na lawama anatupiwa Mmalawi.

Haki itendeke, zipo hasara ndogo za kweli. Mtandao dhaifu hupoteza vipande vya data na kuvituma upya. Kampuni nyingine huhesabu GB kuwa MB 1,000, nyingine 1,024, tofauti ambayo haifiki hata asilimia 3. Baadhi ya viwango vya romingi hukuza kila matumizi hadi kipimo kamili kinachofuata. Jumlisha zote, huwezi kueleza bando lililokata mara tatu mapema. Kinachoumiza kweli ni bei, nayo ni habari nyingine kabisa. Aliyevuka mto Songwe wa mpakani akiwa na bando la nyumbani lisilo la romingi, huku ameruhusu romingi, hakatwi bando. Anakatwa salio, kwa bei ya kila MB iliyo juu mno kuliko ya kifurushi. Vocha ikiyeyuka anasema MB zimeliwa. Na msitegemee jina la kampuni. Airtel ipo Tanzania, Malawi na Zambia, lakini laini ya kila nchi ni ya kampuni ya nchi hiyo, na bando la nyumbani haliwi la ng'ambo mpaka masharti yake yaseme hivyo. Ule mpango wa Celtel, kampuni iliyokuja kuwa Airtel, wa mwaka 2006 wa mtandao mmoja kati ya Tanzania, Kenya na Uganda, ambao wengi bado wanautaja, ulikuwa wa kupiga na kupokea simu.

Tafadhali, futeni zile programu za kuokoa MB. Video na picha zinafika zikiwa zimeshabanwa mpaka mwisho. Jaribu kuibana video kwa zip, uone itapungua kiasi gani. Zaidi ya hapo, kurasa nyingi siku hizi husafiri zikiwa zimefungwa kwa siri, na wa katikati hawezi kubana asichoweza kukisoma. Google wenyewe waliondoa hali ya kubana data kwenye Chrome mwaka 2022. VPN ndiyo kinyume kabisa cha kuokoa: hukifunika kila kipande kwa bahasha nyingine, na bahasha nayo inahesabiwa. Yenye faida ni ile inayozuia programu zisizotumika kugusa data, na kitufe hicho tayari kimo kwenye mipangilio ya simu yako.

Sasa hesabu yenyewe. Simu ya sauti ya WhatsApp ni kama nusu MB kwa dakika, ya video kama MB 5, picha moja kama KB 200, ujumbe wa maandishi hauhesabiki. Mfanyabiashara anayepiga nusu saa kwa siku, anayetuma na kupokea picha 40 za mzigo na kusoma kurasa za MB 50, anatumia MB 73 kwa siku, nusu GB kwa wiki. Mwongezee saa moja ya video ya 720p kila usiku gesti, megabiti 2 kwa sekunde, MB 900 kwa saa: wiki ileile inakuwa karibu GB 7. Basi hesabu dakika za video, mengine ni chenji. Kabla ya kuondoka pakua ramani ukiwa kwenye waifai. Shusha YouTube hadi 360p kwa mkono. Zima upakuaji wa WhatsApp kwenye kanuni zote tatu, na uhifadhi wa nakala pia. Ukikaa zaidi ya siku mbili, nunua laini ya kule kwa pasipoti, au ya eSIM kama simu inakubali. Ukipita tu, nunua bando la romingi ukiwa bado Tanzania. Kwenye simu ya laini mbili, hakikisha data imehamishiwa laini mpya na romingi ya ile ya nyumbani imezimwa. Anayekwenda Ulaya ajue kwamba tangu Juni 15, 2017 laini ya nchi moja ya Umoja wa Ulaya hutumika katika nyingine bila gharama ya ziada ya romingi, ndani ya kiwango cha matumizi ya haki. Uingereza haimo tena. Nunua bando dogo kwanza, litumie siku moja, angalia ukurasa wa matumizi, kisha uzidishe siku zilizobaki. Na ukiwa Kyela karibu na mpaka, chagua mtandao wako kwa mkono, kwa sababu simu inaweza kudaka mnara wa ng'ambo ya mto hata kabla hujagonga muhuri.