Gitaa la Umeme Baina ya Kuta za Mawe

Nyumba za Mji Mkongwe wa Unguja, zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zikashikwa na boriti za mikoko, zina kuta nene ziwezazo kupambana na joto la kaskazi, lakini hazina dawa ya sauti. Kwani sauti haishughuliki na ukuta, hutoka dirishani, ikashuka uchochoroni, ikapanda kwa dirisha la jirani wa pili na kumkuta kitandani. Kwa sababu hiyo mtu wa Kiponda au Mkunazini anayeupenda muziki wa roki, na zaidi ule mkali wake uitwao metali, ana haja ya hedifoni njema kuliko mwenzake wa shamba aliyezungukwa na minazi. Gitaa la umeme linalonguruma saa tano za usiku juu ya kichwa cha bibi aliyekwisha sali Ishaa yake ni utovu wa adabu, hata likiwa limepigwa na fundi wa mafundi.

Wako watakaouliza Unguja na roki vina nasaba gani. Jawabu liko Shangani, katika Barabara ya Kenyatta, ambako tangu Novemba 2019 pana makumbusho ya mtu aliyezaliwa kisiwani humu tarehe 5 Septemba 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, mwana wa Kiparsi ambaye baba yake, Bomi, alikuwa mshika fedha wa Mahakama Kuu katika zama za Waingereza. Alipelekwa skuli ya bweni huko Panchgani, Bara Hindi, akarejea, na mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, akahama pamoja na jamaa zake kwenda Uingereza, ambako dunia ilikuja kumjua kwa jina la Freddie Mercury. Na wala roki haikuishia kwake katika pande zetu hizi: mwaka 2020 vijana wawili wa Nairobi, Martin Kanja na Sam Karugu, walitoa albamu ya metali ya kutisha kwa kupitia kampuni ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, wakijiita Duma, neno ambalo sisi hutufikirisha mnyama mwenye mbio, ilhali wao walikusudia giza kwa lugha ya Kikuyu.

Mwezi mmoja uliopita kijana wa ndugu yangu alinijia barazani. "Shikamoo, Ami," akasema, na kabla sijamaliza kuitika marahaba alikwisha kunieleza kwamba amejiwekea akiba ya mwaka mzima na ataka hedifoni za hali ya juu "zinazopiga besi mpaka kifua kitikisike." Nilimwambia asinunue kwanza. Nilikuwa nimewahi kufanya kosa hilohilo ujanani, nikanunua katika duka moja la mjini hedifoni zenye jina kubwa ubavuni, jina ambalo baada ya wiki mbili lilibanduka kama rangi ya mlango wa zamani, na besi yake ilivuma kama pipa tupu linalobingirishwa darini.

Ajabu ya metali ni kuwa watu huidhania kuwa muziki wa kelele, na kwa hivyo hudhani kila chombo chenye kelele chaifaa. Tutazame imejengwaje. Uzi mnene wa gitaa la besi hutetemeka kiasi cha mara 41 kwa sekunde, na uzi mnene wa gitaa la kawaida kiasi cha mara 82. Papo hapo mpiga ngoma huikanyaga ngoma kubwa kwa miguu yote miwili, mapigo yakifuatana kwa kasi ya mvua ya masika juu ya bati. Gitaa nalo, kwa kuwa sauti yake imekwaruzwa makusudi, huzaa juu ya kila noti kundi kubwa la sauti nyingine ndogondogo. Na juu ya vyote hivyo matuazi ya shaba hulia bila kupumzika. Basi hakuna muziki unaojaza nafasi kuliko huu. Hedifoni zilizotiwa besi ya kupindukia huifunika ngoma kwa gitaa na gitaa kwa ngoma, hata msikilizaji akabaki na uvumi mmoja mzito. Na zile zilizonolewa mno sauti za juu huyageuza matuazi kuwa dagaa katika mafuta ya moto. Kinachotafutwa ni wepesi: pigo lianze upesi na lizimike upesi, ili pigo la pili likute uwanja mtupu.

Wepesi huo hutokana na kiwambo. Ndani ya hedifoni nyingi mna kiwambo chembamba kilichogandishwa kwenye koili ndogo ya waya mbele ya sumaku, na umeme upitapo kwenye waya kiwambo husukuma hewa, kama kiwambo cha ngoma kisukumavyo hewa kwa kupigwa. Katika aina ya pili waya umetandazwa juu ya kiwambo chote, baina ya sumaku zilizopangwa, na kiwambo huenda na kurudi kwa usawa. Aina hii husifiwa sana kwa besi isiyo na matope, ila ni nzito kichwani. Aina ya tatu ni ya umemetuli, ambayo kampuni ya STAX ya Ujapani iliileta duniani mwaka 1960, nyepesi kama pumzi, lakini yahitaji mtambo wake wenyewe wa kuiendesha, na mpenzi wa metali aghlabu huilaumu kwa kukosa kishindo. Mimi sioni haja ya kupita aina ya kwanza. Focal ya Ufaransa ilipotoa hedifoni zake za Utopia mwaka 2016 kwa bei ya takriban dola 4,000 za Marekani, fedha ambazo mtu wa Unguja angenunulia pikipiki mpya na kubakiwa, ilitumia aina hiyohiyo ya kwanza.

Kisha huja suala la kufunga na kuacha wazi. Mwaka 1968 Sennheiser ya Ujerumani ilitoa HD 414, hedifoni za kwanza zilizouzwa zikiwa na migongo wazi, na tangu siku hiyo wasikilizaji wamegawanyika. Zilizo wazi huupa muziki nafasi, magitaa mawili yakasimama kushoto na kulia kama waimbaji waliopishana jukwaani, lakini hupitisha sauti nje na ndani. Jirani ukutani hatasikia kitu, ila mke wako kitandani atasikia. Zilizofungwa hushika besi na huzuia pikipiki, wachuuzi na jenereta za uchochoroni, lakini mwezi wa Februari masikio hutota jasho ndani yake kama mtu aliyevaa kanzu mbili. Hewa yetu ya chumvi ni adui pia wa ngozi bandia, ambayo humeguka vipande vyeusi shingoni. Chagua mito ya mahameli, tena iwe ya kubadilishwa, na uulize vipuri kabla ya kuuliza rangi.

Jambo ambalo wauzaji hulipita mbio ni ukinzani, unaopimwa kwa omu. Hedifoni za Sennheiser HD 600 zina omu 300, na DT 990 Pro za Beyerdynamic huuzwa zaidi kwa omu 250. Ukizichomeka katika simu ya mkononi husikika kama mtu anayezungumza nyuma ya pazia, mpaka zipate amplifaya. Za Grado, zinazotengenezwa Brooklyn na kupendwa na watu wa roki kwa jinsi zinavyolitoa gitaa mbele, zina omu thelathini na kitu tu na huridhika na simu. Aliyekuwapo hapa tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010, kisiwa kizima kilipokaa gizani miezi mitatu kwa kuharibika njia ya umeme itokayo Bara, hatahitaji kuelezwa kwa nini napenda amplifaya yenye betri.

Rekodi nazo zina makosa yake, na hedifoni bora huyafichua bila huruma. Metallica walipotoa Death Magnetic mwaka 2008, sauti ilikuwa imebanwa na kupandishwa kiasi kwamba mashabiki walilalamika hadharani kuwa yakwaruza masikio. Hakuna hedifoni ya kuponya hayo, na atakayenunua ghali kwa ajili ya albamu kama hiyo atalipa ili ausikie vyema uharibifu.

Sikio la Mzanzibari, kwa upande wake, limekwisha kufunzwa, ijapokuwa mwenyewe hajui. Aliyelelewa na taarabu, ya Ikhwani Safaa iliyoanzishwa mwaka 1905 na ya waliofuata, amezoea kanuni, udi, fidla na kodiani vikiufuata wimbo mmoja kwa wakati mmoja, naye humtambua mpiga udi alipochelewa kwa ukucha. Nikamwambia kijana wangu: jaribu hedifoni kwanza kwa taarabu uijuayo, uone kama kanuni yasikika chini ya fidla, kisha uweke "Bohemian Rhapsody" ya mwaka 1975. Ile sehemu ya katikati mfano wa opera iliimbwa na watu watatu tu, Mercury na wenzake wa bendi, Brian May na Roger Taylor, wakazipandanisha sauti zao juu ya ukanda wa njia 24 mara nyingi hata wakawa umati. Hedifoni duni huufanya umati ule uji. Njema huwapanga kila mmoja mahali pake, na gitaa la May, alilolitengeneza na baba yake kwa mbao za meko kuukuu, likaingia baadaye bila kumkanyaga mtu.

Na jaribio la mwisho, ambalo kwangu ndilo hakimu: punguza sauti. Shirika la Afya Duniani limeweka kipimo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kila desibeli 3 zikiongezeka muda hupungua nusu, hivi kwamba kwa desibeli 92 mtu amebakiwa na saa mbili na nusu tu kwa wiki nzima. Hedifoni zinazokushawishi upandishe sauti ndipo usikie ngoma zinakuuzia uziwi kwa mafungu. Zinazostahiki fedha ni zile ambazo sauti ikiwa chini, hata adhana ya alfajiri ikakufikia, bado miguu miwili ya mpiga ngoma waihesabu.

Tulikwenda kwa rafiki yangu, fundi wa studio, mwenye jozi tatu. Kijana alikaa saa mbili akipandisha na kushusha, macho ameyafumba. Alichagua ya bei ya chini kabisa katika zile tatu, yenye migongo wazi na mito ya mahameli, na fedha iliyobaki akanunulia amplifaya.