Je, Wajua? Maganda ya Kamba Huzaa Mfuko Uozao

Msafiri aingiaye nchini Tanzania kwa mpaka wa Tunduma, tangu tarehe 1 Juni 2019, haruhusiwi kupita na mfuko wa plastiki wa kubebea bidhaa. Ilhali katika maganda ya kamba wavuliwao delta ya Rufiji, yatupwayo aghalabu kama taka, imo kitini, dutu ambayo Mfaransa Henri Braconnot aliigundua katika uyoga mwaka 1811. Maganda hayo, yakiisha kusagwa, hutiwa asidi, yakatoa povu hata chokaa yake ikaisha, kisha huchemshwa katika kostiki soda, kwanza hafifu iondoe protini, halafu kali iigeuze kitini kuwa kitosani, ambayo ikiyeyushwa katika siki, ikachanganywa na wanga wa muhogo na kuanikwa, huwa utando mwembamba wa kutengenezea mfuko uozao udongoni. Dosari yake ni kunyonya unyevu, nayo yapasa kutibiwa kabla ya kuuamini kufungashia kahawa ya Mbozi.