Muhina Usiotokana na Vumbi

Upepo wa kiangazi unapovuma Ihumwa, mashariki mwa jiji la Dodoma, si ajabu mtu kutokwa na muhina. Hewa kavu huchubua utando wa pua, na damu hukoma baada ya dakika chache. Ndiyo maana muhina unaojirudia hudharauliwa, hata pale unapoandamana na ufizi utoao damu, hedhi isiyokoma, au vidoa vyekundu miguuni vyenye ukubwa wa ncha ya sindano. Vumbi, kwa vyovyote, halitoi vidoa miguuni.

Kasoro za kuvuja damu si zote za kurithi. Nyingine hupatikana ukubwani, na miongoni mwa visababishi vyake ni virusi vikaavyo mwilini miaka mingi: VVU, pamoja na vile vya homa ya ini aina ya B na C.

VVU hupunguza chembe sahani, ambazo huziba tundu mshipa unapojeruhiwa. Mtu mzima mwenye afya huwa nazo kati ya 150,000 na 450,000 katika kila mikrolita ya damu. Kingamwili huzigandama chembe hizo, nayo bandama huziharibu. Wakati huohuo virusi hudhoofisha seli za uboho zinazozizalisha. Madaktari wa New York waliieleza hali hii mwaka 1982, kabla kirusi chenyewe hakijatambuliwa, na hadi leo huweza kuwa dalili ya kwanza ya maambukizi. Dawa za kufubaza virusi huziinua chembe hizo kwa wagonjwa wengi.

Homa ya ini hupita njia nyingine. Ini hutengeneza protini nyingi za kugandisha damu, na pia homoni inayouamuru uboho uzalishe chembe sahani. Likijaa makovu, vyote hupungua. Damu inayoshindwa kulipenya hurudi nyuma, ikaivimbisha bandama, ambayo hunasa chembe sahani, na kuitanua mishipa ya umio. Mishipa hiyo ikipasuka, mgonjwa hutapika damu na huweza kufariki ndani ya saa chache. Chanjo ya homa ya ini B iliingia katika ratiba ya watoto wachanga Tanzania mwaka 2002. Wengi waliozaliwa kabla ya hapo, ambao sasa ni wazazi, hawakuipata utotoni.

Mwenye VVU na homa ya ini B kwa pamoja asikatishe dawa kwa hiari yake. Tenofovir hudhibiti virusi vyote viwili, na kuiacha huweza kuiamsha homa ya ini kwa ukali.

Anayevuja damu bila sababu iliyo wazi aombe kipimo cha picha kamili ya damu, pamoja na vya VVU na homa ya ini. Malaria na kichocho navyo vichunguzwe, kwani huweza kuvimbisha bandama vilevile. Kabla ya kung'olewa jino amweleze daktari hali yake, na asimeze aspirini wala diklofenaki kwa ushauri wa jirani. Akitapika damu, akipata choo cheusi kama lami, au akishikwa na maumivu makali ya kichwa ya ghafla, apelekwe hospitali saa hiyohiyo, hata ikiwa usiku wa manane.