Merikebu ya Makaa Iliyozunguka Dunia

Wasomaji wengi wamepata kusikia habari za merikebu Endeavour, iliyoongozwa na James Cook. Lakini si wengi wajuao ya kuwa hapo kwanza ilikuwa merikebu ya makaa ya mawe. Iliundwa Whitby, mji wa pwani ya mashariki ya Uingereza, ikashushwa majini mwaka 1764, ikaitwa Earl of Pembroke.

Haikuwa nzuri kwa kutazamwa, wala haikuwa na mbio. Ilikuwa pana, chini yake bapa, na mbao zake nene. Merikebu za makaa ziliundwa hivyo ili zipite penye maji haba, na zipwezwe ufuoni bila kuvunjika, kama majahazi yapwezwavyo.

Mwaka 1768 Serikali ya Uingereza ilitaka kupeleka wataalamu Tahiti, wakatazame Zuhura ikipita mbele ya jua. Haikuchagua manowari, ilinunua merikebu hii, kwa kuwa iliweza kubeba chakula cha miezi mingi, tena iliweza kupwezwa na kutengenezwa mahali pasipo na gudi.

Shauri hilo lilithibitika usiku wa tarehe 11 Juni, 1770, karibu na pwani ya Australia, merikebu ilipopanda mwamba wa matumbawe. Mabaharia wakatosa baharini mizinga sita na vitu vingine vizito, wakavuta bomba kwa zamu. Ilipoelea, walipitisha chini yake tanga lenye manyoya ya kondoo na nyuzi za kamba kuukuu, likavutwa na maji, likaziba tundu. Kisha wakaipweza mtoni. Ndipo walipoona kipande cha mwamba kimekwama katika tundu lile. Walikaa hapo karibu majuma saba.

Ilirudi Uingereza Julai 1771, lakini watu zaidi ya 30 walikuwa wamekufa, wengi kwa homa na kuhara damu walikoambukizwa Batavia.

Mwaka 1775 iliuzwa, ikaitwa Lord Sandwich. Ilichukua askari wa vita vya Marekani, kisha ikawa gereza huko Newport. Agosti 1778 Waingereza wenyewe waliizamisha ili kuwazuia Wafaransa wasiingie bandarini. Mwaka 2022 makumbusho ya bahari ya Australia yalitangaza kuwa mabaki yake yametambulikana, ingawa wachunguzi wenzao wa Marekani walipinga.

Basi kilichowaokoa mabaharia wale mwambani si uzuri wa chombo, bali ni ubapa na unene kilioundwa nao kwa kazi duni ya makaa.