Kakuma: Kwa nini kuta za kuzuia udongo huanguka mvua ya kwanza inaponyesha

MGENI anayewasili Kakuma mwezi wa Februari hawezi kuamini kwa urahisi kwamba maji ni hatari kubwa kwa nyumba za eneo hilo. Mto Tarach, unaopita kando ya mji na kambi ya wakimbizi, huwa mchanga mtupu wakati huo, na watu huchimba mashimo katika mchanga huo huo wakitafuta maji ya matumizi.

Lodwar, iliyoko yapata kilomita 120 kwa barabara, hupata wastani wa takriban milimita 200 pekee za mvua kwa mwaka. Hata hivyo, mvua hiyo haigawanyiki kwa siku nyingi. Aghalabu huja kwa dhoruba chache, hasa kati ya Machi na Mei, ikaangukia ardhi iliyokauka na isiyo na nyasi, nayo ardhi ikaimwaga katika laga kwa muda wa saa chache tu.

Ni katika saa hizo ambapo nyua huporomoka, na pamoja nazo kuta ambazo wenyewe walijenga ili kuzizuia.

Kwa jumla Kakuma ni nchi ya uwanda, na huenda mtu akashangaa kwamba kuna haja ya kuta za namna hiyo. Lakini kila mafuriko huuma kingo za laga, na ua uliokuwa sawa mwaka jana hugeuka mteremko mwaka huu. Aidha, nyumba nyingi za kambi hiyo iliyoanzishwa mwaka 1992 zilijengwa kwa matofali ya udongo uliochimbwa papo hapo, na mashimo yaliyoachwa yamekuwa makorongo madogo karibu na milango ya watu. Hali kadhalika, katika vilima vya Lodwar kuna familia zinazolazimika kuchonga mteremko ili kupata mahali pa kusimamisha nyumba.

Udongo wenyewe ndio unaoleta utata. Ule ulio kandokando ya laga uliletwa na mafuriko ya miaka mingi: ni mchanganyiko wa mchanga, tope laini na mfinyanzi, na kiasi cha kila kimoja hubadilika hata kati ya ua na ua. Penye mchanga mwingi, maji hupita upesi. Penye mfinyanzi mwingi, maji hukwama.

Mfinyanzi hufura unapolowa na kusinyaa unapokauka. Wakazi wa Nairobi waliojenga juu ya udongo mweusi wa pamba wanaifahamu tabia hiyo, kwa kuwa imewapasulia sakafu na kuta. Tofauti ni kwamba huko udongo haukauki kwa muda mrefu kama Turkana, ambako miezi mingi inaweza kupita bila mvua ya maana.

Katika miezi hiyo mfinyanzi uliojazwa nyuma ya ukuta husinyaa na kujitenga nao. Hutokea ufa mrefu kati ya udongo na mawe, pengine wa upana wa kidole, unaozama chini sana. Mwenye nyumba huuona ufa huo na kuudharau, kwa maana ukuta bado umesimama wima. Dhoruba ya kwanza huujaza maji kabla udongo haujapata nafasi ya kufura na kuuziba.

Hapo ndipo hesabu inapogeuka. Maji yaliyosimama nyuma ya ukuta kwa kina cha mita 1 huusukuma kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 500 kwa kila mita moja ya urefu wake. Kina kikifika mita 2, nguvu hiyo haizidi mara mbili bali mara nne, ikawa tani 2. Tena upana wa ufa haujalishi. Maji yanayoujaza ufa wa sentimita 1 husukuma sawa na bwawa zima lenye kina hicho hicho, na juu ya hayo kuna msukumo wa udongo wenyewe uliolowa na kuwa mzito.

Ukame, kwa hiyo, ndio unaotayarisha maporomoko ambayo watu huyalaumu mafuriko kwayo. Ni kosa pia kudhani kwamba dawa yake ni saruji zaidi. Ukuta mnene wa matofali na saruji usio na pa kutolea maji ni bwawa, na bwawa hujengwa kwa hesabu nyingine kabisa.

Kabla ya kununua hata mfuko mmoja wa saruji, inafaa kuutambua udongo wa ua. Njia moja haigharimu chochote: kiasi kidogo cha udongo huloweshwa na kuviringishwa kati ya viganja hadi kiwe uzi mwembamba kama njiti ya kiberiti. Ukikatikakatika, mchanga ni mwingi. Ukishikamana na kupindika bila kuvunjika, huo ni mfinyanzi.

Jaribio la pili ni muhimu zaidi katika nchi kavu, ambako udongo mara nyingi huwa na chumvi. Donge kikavu la ukubwa wa harage hutumbukizwa polepole katika glasi ya maji safi na kuachwa bila kutikiswa kwa dakika kumi. Likibomoka tu na kulala chini, si neno. Likitoa wingu la tope linaloenea kandokando, udongo huo huyeyukia majini, na maji yakipata tundu dogo ndani yake hulipanua mpaka likawa handaki. Maji ya mvua ndiyo yanayofaa kwa jaribio hili, kwani maji ya kisima yenye chumvi huweza kulizuia wingu lisitokee na kumpa mtu matumaini ya bure.

Udongo wa aina hiyo haufai kabisa kujazwa nyuma ya ukuta. Hata mfinyanzi wa kawaida haufai kurudishwa pale ulipochimbwa, ingawa hivyo ndivyo mafundi wengi hufanya kwa sababu uko karibu na hauna bei. Panapostahili kujazwa ni pale panapogusana na ukuta: tabaka la kokoto au mawe madogo lenye unene wa sentimita 30 hivi, kuanzia chini hadi karibu na juu. Kati ya kokoto hizo na udongo hutandazwa kitambaa maalumu cha kuchujia, ili maji yapite na tope libaki.

Chini ya kokoto hulazwa bomba la plastiki la inchi 4 lenye matundu, likiteremka walau sentimita 1 kwa kila mita, na mdomo wake utokee mahali maji hayatamrudia mwenye nyumba wala kumwendea jirani. Ukuta wa saruji huachiwa pia matundu ya inchi 3 karibu na usawa wa ardhi ya mbele, kila baada ya mita moja na nusu au mbili. Juu kabisa, kokoto hufunikwa kwa sentimita 20 za mfinyanzi ulioshindiliwa na kuinamishwa, ili maji ya mvua yapite juu badala ya kuzama. Hapo ndipo mahali pekee ambapo mfinyanzi ni rafiki wa ukuta.

Ujuzi wa kuta zinazopitisha maji si mgeni katika ukanda huu. Ng'ambo ya Ziwa Turkana, kusini mwa Ethiopia, watu wa Konso wamekuwa wakijenga matuta ya mawe yasiyo na saruji kwa zaidi ya miaka 400, na mwaka 2011 Shirika la UNESCO liliyaweka katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mawe hupangwa yakafungamana, udongo ukazuiliwa, na maji ya ziada yakapewa njia ya kutokea.

Kwa Kakuma, jamaa wa karibu wa matuta hayo ni vizimba vya waya vilivyojazwa mawe, ambavyo mafundi huviita gabioni. Vina faida mbili penye mfinyanzi: hupitisha maji kila upande, na udongo wa chini ukifura au kusinyaa hujipinda kidogo bila kupasuka. Mawe yake sharti yawe makubwa kuliko matundu ya waya na yapangwe kwa mkono. Vizimba vinavyojazwa kwa kumwaga mawe ovyo hufura tumbo baada ya misimu michache, jambo ambalo mpita njia anaweza kulishuhudia kando ya barabara nyingi nchini.

Ukuta wa mawe au gabioni husimama kwa uzito wake. Kwa sababu hiyo upana wake wa chini haupaswi kupungua nusu ya kimo chake, na penye mfinyanzi theluthi mbili ni salama zaidi. Huegemezwa kidogo upande wa mlima, kiasi cha sentimita 10 kwa kila mita ya kimo. Msingi huzama angalau sentimita 30, na zaidi ikiwa nyufa za kiangazi zinafika chini ya hapo.

Magunia ya mchanga, yanayotumiwa sana kwa dharura, hayastahili kuitwa ukuta. Jua la Turkana huyachakaza magunia ya plastiki kwa miezi michache, na mchanga ukamwagika.

Ukuta unaozidi kimo cha mita moja hivi si kazi ya kukisia, hasa ikiwa nyumba au njia ya watu iko juu yake. Hapo mhandisi ahusishwe, na idhini ya kaunti itafutwe kama Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 inavyotaka kwa ujenzi. Mara nyingi ni nafuu kujenga kuta mbili fupi kwa ngazi. Lakini ule wa juu uwekwe nyuma kwa umbali usiopungua mara mbili ya kimo cha ule wa chini, la sivyo huulalia mwenzake.

Vyoo vya shimo na mabomba ya kuchotea maji ni suala ambalo halitajwi sana. Shimo la choo likichimbwa nyuma tu ya ukuta hulowesha mfinyanzi mwaka mzima, na mfereji unaovuja hufanya vivyo hivyo bila hata tone la mvua.

Kuna nyua ambazo hazihitaji ukuta wowote. Mteremko mfupi unaweza kulazwa zaidi, ukachimbiwa mtaro wa kugeuza maji upande wa juu, na kupandwa mkonge na nyasi zinazostahimili ukame. Wakulima wa Ukambani wamezuia udongo wa miteremko kwa miaka mingi kwa matuta ya "fanya juu", ambayo hutokana na kuchimba mtaro na kurusha udongo upande wa juu. Mathenge, mti ulioletwa kutoka nje na kupandwa Turkana katika miaka ya 1980, hushika kingo kwa mizizi yake, ila anayeupanda uani atakuwa na kazi ya kuukata maisha yake yote.

Zipo pia nyua ambazo hakuna ukuta wa familia unaoweza kuziokoa. Nyumba iliyo kwenye ukingo hasa wa Tarach haisukumwi na udongo kutoka nyuma; inachimbwa na mto kutoka chini. Gabioni la mtu mmoja mahali hapo huenda likageuza mkondo ukaume ukingo wa jirani wa ng'ambo, na ndiyo maana ujenzi katika mkondo wa mto huhitaji kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Kwa mkimbizi, asiyemiliki ardhi anayoishi, uamuzi wa kuhamia kiwanja kingine hauko mikononi mwake peke yake.

Kwa kuta zilizokwisha kujengwa, ukaguzi wa maana ni ule wa mwisho wa kiangazi. Nyufa za nyuma zizibwe kwa udongo mkavu ulioshindiliwa, na matundu yasafishwe kwa fimbo. Baada ya mvua ya kwanza, maji safi yakichuruzika kupitia matundu hayo, ukuta unafanya kazi. Yakitoka matope mazito, kitambaa kimetoboka na udongo unahama. Yasipotoka kabisa ilhali ardhi ya juu imelowa chapachapa, watoto wasicheze chini ya ukuta huo mpaka njia ya maji izibuliwe.