Lubumbashi: Lori lenye thamani ya sifuri kwenye hesabu bado liko barabarani

Kwenye barabara inayotoka Lubumbashi kwenda Likasi na Kolwezi, malori ya zamani yanaendelea kubeba mizigo kila siku. Lakini ndani ya programu za hesabu, lori la namna hiyo linaweza kuonekana halina thamani hata ya franka moja. Mhasibu anayelifuta kwa sababu hiyo anaiweka kampuni yake hatarini.

Sifuri hiyo inatokana na uchakavu. Kwa mfano, lori lililonunuliwa kwa franka milioni 100 mwanzoni mwa 2018, likapangiwa miaka 5, hupunguziwa milioni 20 kila mwaka. Mwisho wa 2022 linabaki na sifuri. Dereva, fundi na wateja hawaoni tofauti yoyote, kwani lori linatembea kama jana.

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo iliingia OHADA mwaka 2012, na kampuni zake hufuata mpango wa hesabu wa SYSCOHADA, uliorekebishwa na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 2018. Kwa mpango huo, lori hubaki kwenye konti 245 kwa bei yake ya kwanza, na uchakavu wake kwenye konti 2845. Milioni 100 upande huu, milioni 100 upande ule. Zote hubaki humo mpaka lori liuzwe au liondolewe kazini.

Makosa huwa ya aina tatu. La kwanza ni kulifuta lori lingali likifanya kazi. Likiibwa au likiungua, kampuni itapata shida kuonyesha kwamba lilikuwa lake. La pili ni kuiacha programu iendelee kukata milioni 20 baada ya sifuri: faida inapungua kwa uongo, na mkaguzi wa kodi ataikataa gharama hiyo. La tatu ni kuacha kwenye orodha lori lililouzwa zamani.

Likiuzwa kwa milioni 15, mhasibu huondoa bei ya kwanza pamoja na uchakavu wake wote, na milioni 15 zote huhesabiwa kama faida ya mauzo.

Kwa mali za zamani zaidi, kuna tatizo lingine la Congo yenyewe. Mwaka 1993, zaire mpya moja ilichukua nafasi ya zaire za zamani milioni 3. Mwaka 1998, franka moja ya Congo ikachukua nafasi ya zaire mpya 100,000. Yaani franka moja ni zaire za zamani bilioni 300. Mashine ya miaka ya 1980 ambayo haikuthaminiwa upya haina hata bei ya kwanza inayoonekana: kompyuta huandika sifuri kila upande.

Dawa si ghali. Mara moja kwa mwaka, kabla ya kufunga hesabu, mtu atoke ofisini na orodha mkononi, aende garaji na bohari, aguse kila lori na kila jenereta inayowashwa umeme wa SNEL ukikatika, asome namba yake na kuandika hali yake. Kilichopo kibaki kwenye orodha, hata kwa sifuri. Kisichopo kiondolewe, na karatasi ya kuthibitisha itunzwe.

Na kama gari likichakaa kwenye vitabu miaka mingi kabla ya kuchakaa barabarani, miaka 5 ilikuwa michache. Lori litakalofuata lipangiwe muda unaolingana na kazi yake.